Mchana Tango, Usiku Sufuria la Wali

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Mwaka jana mdogo wangu alipokuwa anajiandaa kuolewa nilijiunga na kundi la WhatsApp la kupunguza mwili, ili sare ya kamati inikae vizuri. Tuliambiwa tuache ugali, wali, chapati, viazi, ndizi na chochote chenye sukari. Wiki ya kwanza tu nilipungua kilo 4, na ndani ya miezi mitatu zikafika 11. Sasa zimerudi 9. Mchana najibana sana, nakula tango na yai moja la kuchemsha. Usiku watoto wakishalala naingia jikoni nakula kiporo cha wali kwenye sufuria, nimesimama, hadi pumzi inakata. Asubuhi nalia, naanza upya. Mume wangu anasema nikiamua nitaweza. Binti yangu wa miaka 9 juzi ameniuliza kama ugali unanenepesha. Naomba unisaidie nipate nidhamu. Dada wa Tabata.

JIBU: Marahaba, dada. Mimi ni mtaalamu wa lishe, udaktari nimewaachia wenyewe, ila swali lako limefika mahali pake.

Nidhamu unayo, tena ya kupindukia. Mtu anayesonga ugali kila siku, akawapakulia mume na watoto, kisha akakaa pembeni na tango lake miezi mitatu mfululizo, nani atamwambia hana nidhamu? Unachokosa ni chakula. Tango zima na yai moja havifiki hata kalori 150, wakati mwanamke wa umri wako mwenye pilika za nyumba na daladala anahitaji takriban 2,000 kwa siku. Saa nne usiku mwili unadai haki yake, na unadai kwa nguvu kwa sababu umezungushwa kutwa nzima.

Jambo hili lilishapimwa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua namna ya kuwalisha upya watu wa Ulaya waliokuwa wamekonda kwa njaa ya vita. Akapata vijana 36 wa kujitolea, wanaume waliokataa kupigana kwa sababu ya imani zao, wote wakiwa wamepimwa na kuonekana wazima wa mwili na akili. Mwaka 1945, kwa wiki 24, walilishwa milo miwili kwa siku, mingi ikiwa viazi, mkate na makaroni, jumla yake takriban kalori 1,570. Nakuomba uitazame tena namba hiyo: yapo makundi ya kupunguza mwili yanayowapa watu chini ya hapo, na yanaiita afya.

Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini mimi hunigusa zaidi yaliyowapata kichwani. Mazungumzo yao yote yakawa chakula. Baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Walilamba sahani. Walitafuna bazoka bila kupumzika. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula hadi matumbo yakauma na bado wakasema hawajashiba. Mmoja alikimbizwa hospitali kusafishwa tumbo. Hawa hawakuwa wanawake wanaohangaikia sare ya kamati. Walikuwa vijana wenye afya waliopewa chakula pungufu, basi. Wewe na sufuria lako la kiporo mnafanya kile kile walichofanya wao.

Mwili unaopunguziwa chakula hujihami. Homoni ya njaa, ghrelini, hupanda. Ile inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, leptini, hushuka. Watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo mwaka 2011 yakionyesha kwamba hata mwaka mmoja baada ya watu kupungua, homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa mwanzo, na njaa yao ilikuwa bado kali. Mume wako anaposema “ukiamua”, mwambie kwa upole kwamba anashindana na homoni, wala hashindani na wewe.

Zile kilo 4 za wiki ya kwanza, ambazo bila shaka zilishangiliwa sana kwenye kundi, nyingi zilikuwa maji. Ini na misuli huhifadhi wanga, na kila gramu ya wanga huo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha ugali, akiba inatumika na maji yanatoka. Ukila wali siku mbili, maji yanarudi na mzani unapanda, nawe unadhani umenenepa kwa sahani mbili. Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa humo humo kwenye makundi nyingi zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Mafuta yako palepale.

Sasa tufanye nini? Anza mchana, usiku utafuata. Kunywa chai asubuhi na kitu cha maana: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu au chapati, pamoja na yai au maharage. Mchana kula kinacholiwa na wengine, ugali wako na dagaa na mchicha, sahani kamili. Saa kumi jioni pata ndizi au karanga, maana wengi wanaovamia jikoni usiku huanza kuishiwa nguvu saa hiyo na hawajui. Usiku kaa na wanao mle pamoja. Fanya hivyo wiki mbili kabla hujabadilisha kingine chochote, hata kama siku za kwanza tumbo litaonekana limejaa gesi na moyo unakusuta.

Baada ya hapo rudisha vile vilivyopigwa marufuku, kimoja kimoja. Tuchukue chapati, kwa sababu naona watu wengi wanaiogopa kuliko hata soda. Pika za kutosha familia nzima, weka mezani na maharage na kachumbari, kula moto moto ukiwa umekaa. Huenda siku ya kwanza ukala nne. Sawa. Pika tena baada ya siku mbili, na tena wiki inayofuata. Kitu kinachopatikana wakati wowote hupoteza ule wazimu wake. Utafika siku utakula moja na nusu, uache nusu kwenye sahani kwa sababu umetosheka, na wala hutakumbuka kuihesabu. Wapo wanaofika hapo kwa wiki chache. Wengine huchukua miezi, hasa aliyeanza kujinyima tangu sekondari.

Utakula tena usiku, nakutahadharisha mapema. Siku hiyo pakua kwenye sahani, pasha moto, kaa chini, simu pembeni. Kisha asubuhi kunywa chai kama kawaida. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: wanaruka chai ili kulipia ya jana, na ikifika jioni mzunguko umeanza upya. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Peter Herman na Deborah Mack, waliwapa wanafunzi wa kike milksheki kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo, kwa kuwa walishakunywa. Wenye kujinyima walikula nyingi zaidi kuliko wangekula bila milksheki. “Leo nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu.” Unaifahamu sauti hiyo.

Kama unafunga Ramadhani, angalia nia yako. Aliyefunga kwa ibada anakula daku na anafuturu kwa raha, uji na tambi na mihogo ya nazi. Anayeficha mlo wa kupungua ndani ya mfungo anaufanya mwezi mzima kuwa kundi jingine la WhatsApp.

Najua unataka kuuliza kama utanenepa. Inawezekana ukaongezeka kidogo mwanzoni, kisha mwili ukatulia. Atakayekuahidi kwamba utakula kwa amani na pia utarudi kwenye sare ile ya kamati anakudanganya, na mara nyingi ana kitu cha kukuuzia. Mimi ningekushauri uweke mzani uvunguni miezi michache, na badala yake upime presha na sukari kwenye zahanati na utembee kila siku. Ikiwa una kisukari, mambo ni tofauti kidogo: kiasi cha ugali na wali kinahitaji mpango wa kliniki yako. Lakini hata hapo usiruke mlo, hasa kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, maana inaweza kushuka ukaanguka.

Kuhusu watu, sina dawa. Zamani shangazi akikwambia umenenepa alikuwa anakusifu, na miaka ile UKIMWI ulipotisha, kukonda kulileta minong'ono mtaa mzima. Siku hizi shangazi huyo huyo anasema umejiachia. Mjibu “nashukuru, shangazi, habari za nyumbani?” upite. Kwenye kundi toka leo, bila hotuba ya kuaga.

Binti yako ndiye aliyenifanya nikujibu wewe kabla ya barua nyingine. Mtoto hajasoma popote kwamba ugali unanenepesha. Amekuona unampakulia yeye usichokula wewe. Mjibu kwamba ugali unatupa nguvu za kucheza na kusoma, kisha umege tonge mbele yake. Na usiuseme vibaya mwili wako akiwa anasikia, wala wake, hata kwa utani.

Mwisho, kama baada ya kula usiku unajitapisha, unakunywa dawa za kuharisha, hedhi imekatika, unapata kizunguzungu au unawaza kujidhuru, usisubiri wiki mbili nilizosema. Nenda hospitali na umweleze daktari yote uliyoniandikia mimi, hata la sufuria. Huo ni ugonjwa wenye matibabu kama mengine. Kwa mpango wa chakula wa nyumbani kwako, kila halmashauri ina afisa lishe. Ulizia kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe.