Mgeni wa bara hununua siku ya mwisho

Somo la leo lilinigharimu pesa, kwa hivyo lisome mpaka mwisho.

Mimi nauza madera, leso, vikapu na mabuyu hapa Mombasa, kwa simu tu. Desemba 2023 niliona Nyali na Bamburi kumejaa wageni kutoka bara. Nikakopa kwenye chama, nikaleta mzigo mkubwa: madera ya bei na vikapu vikubwa vya ngozi. Januari ikanikuta mzigo karibu wote uko ndani, na chama kinadai.

Kosa langu? Nilihesabu watu, sikuhesabu mifuko yao. Nikachukua daftari na jumbe za M-Pesa, nikaangalia nani alinunua nini, na siku gani. Niliyoyaona ni haya:

1. Mgeni wa ndani hufuata kalenda ya shule.
Mtalii wa ng'ambo anakimbia baridi ya kwao. Huyu wetu anangoja watoto wafunge: Aprili, Agosti, na Novemba-Desemba. Pasaka pia anashuka. Januari usimtegemee, pesa yote iko kwenye karo. Mzigo uwe tayari wiki mbili kabla shule hazijafungwa.

2. Zawadi ni pesa iliyobaki.
Nauli kwanza, halafu nyumba, halafu chakula. Chukua treni ya SGR. Tarehe 1 Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida, Nairobi-Mombasa, ilitoka shilingi 1,000 ikawa 1,500. Watu wazima 4, kwenda na kurudi, walikuwa wanalipa 8,000. Ikawa 12,000. Hiyo 4,000 ya juu inatoka wapi? Mara nyingi kwenye zawadi! Lakini kurudi mikono mitupu hawezi, kuna mama, jirani na wenzake wa kazini. Kwa hivyo nikaanza kufunga vifurushi vidogo vya mabuyu na achari, vya 200 na 300. Mtu mmoja ananunua sita bila kufikiria sana. Kikapu kikubwa naleta kwa oda tu, na malipo ya kwanza yaingie.

3. Anaamua siku ya mwisho.
Oda zangu nyingi huanza hivi: "Dada, natoka kesho, utaniletea?" Siku za kwanza yuko baharini, hasomi posti zako. Basi posti picha jioni, andika bei wazi, na useme unafikisha saa ngapi. Mpelekee alikolala usiku wa kabla ya safari. Usimkimbize stesheni ya Miritini asubuhi, boda ikichelewa umepoteza mteja na nauli.

4. Akifika kwake, bado ni mteja.
Hifadhi namba yake, na umwombe ruhusa ya kumtumia bei. Mabuyu yakiisha ataagiza, unatuma kwa basi.

Agosti 2024 nilileta mzigo nusu ya ule wa Desemba. Uliisha, na deni la chama nikalimaliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini ujue amebakisha ngapi mfukoni.

Kazi ya wiki hii: fungua jumbe zako za malipo za likizo iliyopita, andika tarehe na kiasi cha kila oda. Kisha tuambie hapa chini, wateja wako walinunua siku gani zaidi?