Somo kwa Makatibu: Kiongozi Anapokataa Kazi kwa Ajili ya Dhamiri

Hutokea katika vyama vya msingi kwamba mjumbe wa Bodi, aliyechaguliwa na wanachama kwa kura zao, akatae kazi fulani kwa kuwa imani yake haimruhusu kuifanya. Makatibu wengine humwonea haya wakanyamaza, na kazi ikalala. Wengine humtangaza mkutanoni kuwa ni mkaidi. Njia zote mbili hukiumiza chama.

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa chai huko Suma. Mjumbe aliyepewa zamu ya kusimamia mizani ni Msabato; tangu jua litue Ijumaa mpaka litue Jumamosi hafanyi kazi. Lakini majani mabichi ya chai hayana subira. Yaliyochumwa asubuhi yapasa kufika kiwandani siku ile ile, ama sivyo hupata joto katika magunia, hubadilika rangi, na mkulima hupata hasara. Mkulima huyo hakuchagua dini ya mjumbe. Alichagua msimamizi wa mizani.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa imani, nazo kanuni za ushirika zilizopitishwa Manchester mwaka 1995 zinakataza ubaguzi wa dini katika uanachama. Kwa hiyo ni kosa kusema Msabato asigombee. Hata hivyo, haki yake haifiki mahali pa kusimamisha mizani. Katibu na amwite mapema, si Jumamosi asubuhi wakati magunia yamekwisha pangwa foleni, wapatane juu ya zamu: Mmoravian ashike Jumamosi, naye amlipe mwenzake kwa siku nyingine.

Jirani zetu wa Kenya walilipata jambo hili katika cheo kikubwa zaidi. David Maraga, naye Msabato, alipohojiwa mwaka 2016 kwa ajili ya kazi ya Jaji Mkuu, alisema waziwazi kwamba ingemwia vigumu kuketi mahakamani Jumamosi, na kwamba angezungumza na majaji wenzake waendelee bila yeye. Aliyasema kabla ya kupewa cheo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iliamua kesi ya uchaguzi wa Rais ndani ya siku 14 zilizowekwa na Katiba.

Kinyume chake ni karani mmoja wa kuchaguliwa katika jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 2015. Hakutaka kutoa vibali vya ndoa kwa watu wa jinsia moja, ndipo akazuia ofisi nzima isitoe kibali kwa mtu yeyote. Alikaa mahabusu siku 5, na wasaidizi wake wakavitoa. Kukataa kwa mkono wako ni jambo moja. Kuifunga ofisi ni jingine.

Zamu haitatui kila jambo. Mwislamu aliyewekwa katika kamati ya mikopo, naye hawezi kutia sahihi mkopo wenye riba, atakutana na kizuizi hicho katika kila kikao. Huyo aombwe kwa heshima aiache kamati hiyo apewe kazi nyingine ya Bodi, na muhtasari uandike sababu bila maneno ya kejeli.

Liko kataa la namna ya tatu, na hapa makatibu hukosea zaidi. Mjumbe anakataa kutia sahihi hati ya mizani kwa kuwa kilo zilizoandikwa sizo zilizopimwa. Katibu mwenye haraka humtafuta mjumbe mwingine asaini, kama alivyofanya kwa Msabato. Asithubutu! Hapo hapana zamu ya kubadilishana. Hati iwekwe kando bila kusainiwa, mzigo upimwe upya mbele ya wakulima wenyewe, maneno ya mjumbe yaandikwe kama alivyoyasema, na Afisa Ushirika aarifiwe kwa barua kabla ya malipo kutoka.