Kutoka Kisimani Hadi Jukwaani: Sanaa kwa Wanafunzi wa Sekondari Isiolo

Mwanafunzi wa Isiolo anayependa kuimba, kuigiza au kuchora huambiwa mapema kwamba mambo hayo ni ya Nairobi. Si kweli. Mashindano makuu mawili ya sanaa za shule nchini Kenya huanzia hapa hapa, katika ngazi ya kaunti ndogo, na shule inayotaka kushiriki huhitaji kwanza mwalimu mlezi mwenye moyo na mwalimu mkuu atakayekubali kuiandikisha.

La kwanza ni Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, lililoanza mwaka 1959. Hufanyika muhula wa kwanza, likipanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, na fainali ya taifa huja mwezi Aprili. Wazazi wengi hudhani ni michezo ya kuigiza tu. Kumbe kuna ngoma bunifu za kitamaduni, mashairi ya kughaniwa na mtu mmoja au kundi, masimulizi, na filamu fupi. Tofauti hii ina uzito kwa shule zisizo na fedha. Mchezo wa kuigiza hutaka wanafunzi wengi, maleba, mapambo ya jukwaa na basi la kuwabeba. Masimulizi hutaka mwanafunzi mmoja, sauti yake na hadithi nzuri. Shule ya Merti, ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro, ambako nauli ya kufika mjini tu ni mzigo, inaweza kuanza na msimulizi mmoja mwaka huu na kuongeza kundi mwaka ujao.

La pili ni Tamasha la Muziki la Kenya, kongwe zaidi, lililoanza 1927. Hili ni la muhula wa pili, na fainali yake huwa Agosti. Humo mna kwaya, ala, ushairi, na nyimbo na ngoma za kiasili za jamii mbalimbali. Washindi wa taifa huteuliwa kumtumbuiza Rais.

Katika nyimbo za kiasili ndipo Isiolo ilipo na utajiri ambao shule nyingi za mijini hulazimika kuutafuta mbali. Waborana wanaponywesha mifugo kwenye visima virefu, vijana hujipanga ndani ya kisima, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Wimbo ndio unaoongoza mikono, na wafugaji husema ng'ombe wenyewe huitambua sauti ya kisima chao. Wasomali wana gabay, na wanawake wao wana buraanbur, ushairi wenye kanuni kali za mizani na za kurudia sauti za mwanzo wa maneno. Waturkana wana ngoma ya edonga. Wasamburu wana nyimbo za morani, na Wameru wana zao. Jamii zote hizi hukutana katika mji mmoja, na mara nyingi katika bweni moja.

Utajiri huo haujifundishi wenyewe. Wimbo wa kisimani ukiimbwa na mtu asiyejua nani huuanza, nani huitikia na kazi gani huendana nao, hubaki makelele yenye mavazi mazuri, na waamuzi huliona hilo upesi. Mwanafunzi aende kwa nyanya au babu yake wakati wa likizo na simu yenye nafasi ya kurekodi. Aandike maneno yote, pamoja na yale asiyoyaelewa. Aulize wimbo huimbwa lini na nani hapaswi kuuimba, kwa kuwa baadhi ya nyimbo ni za tohara au za harusi na si za kuchezewa jukwaani. Kazi hiyo ya likizo moja ina thamani hata kama kundi halitavuka ngazi ya kaunti, kwani wazee wanaozijua nyimbo hizo wanapungua.

Waandishi wa michezo nao wana historia ya kutosha miguuni mwao. Wodi ya Wabera mjini Isiolo ina jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dida, miezi michache kabla ya uhuru. Kisha vikaja vita vya Shifta, na kile kipindi Waborana wanachokiita Gaf Daba, ambapo wafugaji walizuiliwa kambini Garba Tulla na Merti huku mifugo yao ikiangamia. Ni maudhui mazito, na bado yanauma. Lakini kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na kijana wa miaka 17 aliyewasikiliza wazee wa pande zote ana haki ya kuyaandika.

Sanaa za mikono zinasahauliwa zaidi, na hilo linasikitisha. Wasafiri wanaopita Isiolo wamezoea kununua bangili za shaba na aluminiamu zilizosokotwa, na manyumbani mna vyombo vya maziwa vilivyofumwa kwa nyuzi za mimea kwa ustadi wa hali ya juu. Joy Adamson, aliyeishi Isiolo na mumewe George na kumlea simba Elsa kuanzia 1956, alikuwa pia mchoraji. Picha zake za watu wa jamii za Kenya waliovalia mapambo yao zimehifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa. Wakati umefika nyuso hizo zichorwe na wajukuu wao wenyewe.

Baadhi ya wazazi wana shaka, na shaka yao isipuuzwe. Mwaka 2026 mfungo wa Ramadhani uliangukia Februari na Machi, katikati ya mazoezi ya drama. Shule yenye busara hufanya mazoezi asubuhi na kuwaachia waliofunga alasiri wapumzike. Mzazi asiyeridhia binti yake acheze ngoma huenda akaridhia aghani shairi, asimulie hadithi au aongoze filamu. Aonyeshwe maleba na muswada kabla ya safari. Mara nyingi kinachomtia wasiwasi ni kutojua.

Sasa kuna sababu nyingine ya kuzungumza na wazazi mapema. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 husoma katika mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, wenye muziki na densi, sanaa za uchoraji na ufinyanzi, na maigizo na filamu. Si kila shule ina mikondo yote mitatu. Nyingine zina miwili tu. Kwa hiyo mzazi aulize kabla ya kuchagua shule, na aulize pia kama walimu na vifaa vipo. Baada ya sekondari, Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha muziki, sanaa za maonyesho na filamu. Waliosalia katika mfumo wa 8-4-4 wanaweza kutahiniwa Muziki au Sanaa katika KCSE hadi mtihani wa mwisho mwaka 2027.

Jambo moja hufanywa kwa uzembe karibu kila mahali: umiliki wa kazi. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili si lazima, ila cheti cha Bodi ya Hakimiliki husaidia sana mgogoro unapotokea. Muswada wa shule uwe na majina ya waliouandika, tarehe, na nakala katika ofisi ya mwalimu mkuu. Wimbo uliotoka kwa mzee wa Kinna au Oldonyiro uandikwe jina lake na kijiji chake kwenye ukurasa wa kwanza, naye aombwe ruhusa kabla wimbo haujapandishwa jukwaani.