Ahadi za Ubatizo

Ahadi za Ubatizo ni tatu. Mbatizwa humkataa Shetani na kazi zake zote. Humsadiki Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Huahidi kuzitii amri za Mungu siku zote. Aliyebatizwa angali mchanga, wadhamini walimjibia. Akiisha kukua, neno ni lake mwenyewe.

Ahadi hii ni ya mtu huru. Mwaka 1864 watoto watano waliookolewa utumwani walikabidhiwa kwa Askofu Tozer huko Unguja. Mmoja wao, John Swedi, alibatizwa, na mwaka 1879 akawa shemasi. Fikirini, watoto: mtumwa haulizwi neno, mbatizwa huulizwa, naye hujibu kwa hiari.

Basi, nani ataijua ahadi yako? Tuseme mvuvi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, amekupa samaki zake ukamwuzie, nawe umeficha shilingi moja. Yeye ni Mwislamu, hakukusikia ukiahidi kanisani. Ahadi yako ataiona katika hesabu ya samaki. Mrudishie shilingi yake, ukiri kosa, ukatubu. Ubatizo ni mara moja. Kuushika ni kila siku.

Maswali
1. Ahadi tatu ni zipi?
2. Mtumwa na mbatizwa watofautianaje?