SOMO LA WIKI: Mwalimu wa Mazoezi Akiugua, Ada ni ya Nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyejiajiri hana wa kumlipa. Akishikwa na malaria darasa linasimama, kodi ya ukumbi haisimami.

Tuchukue mfano. Wanafunzi 20 wamelipa Sh 40,000 kila mmoja kwa vipindi 8 vya mwezi. Mkononi ana Sh 800,000, lakini bado si zake zote. Kila kipindi kina thamani ya Sh 100,000, nazo huwa mapato yake siku anapokifundisha. Akiugua wiki moja na kukosa vipindi 2, Sh 200,000 ni deni analodaiwa na wanafunzi. Wengi huzila wakiwa kitandani, kisha hukimbilia darasani siku dawa inapoisha.

Dawa mseto ya malaria isiyo kali humezwa kwa siku 3, ila nguvu huchelewa kurudi. Afadhali amlipe mwalimu mwenzake, tuseme Sh 30,000 kwa kipindi, darasa liendelee. Asipompata, avihamishie vipindi Jumamosi mbili zinazofuata, na atangaze tarehe kabla hajaulizwa. Kubana viwili siku moja ni kuwachosha wanafunzi na kujirudisha kitandani. Asiyeweza kuja Jumamosi arudishiwe Sh 10,000 zake bila mabishano.