Siku Tatu za Mwisho: Kumalizia Safari ya Familia Kajiado na Kitengela

Familia nyingi zinazorudi Nairobi kutoka Arusha au Amboseli huichukulia Kajiado kama njia ya kupita tu. Gari likishaipa Namanga kisogo, dereva anahesabu kilomita zilizobaki, watoto wanauliza tutafika saa ngapi, na nyanda zote zile zinapita dirishani bila mtu kuzitazama. Siku nzuri za safari zinamalizwa kwa haraka ya kuwahi foleni ya Mlolongo.

Mimi nashauri kinyume chake. Bakisha siku tatu, na uzitumie ndani ya kaunti hii. Anza Amboseli alfajiri, panda barabara ya Namanga hadi Isinya, kata kushoto kuelekea Kiserian, teremka Bonde la Ufa hadi Olorgesailie na Magadi, kisha malizia kwa wapulizaji wa vioo wa Kitengela. Mpangilio huu una sababu, na sababu yenyewe mtoto wa darasa la tano anaielewa akifika mwisho.

Amboseli, amkeni mapema. Mlima Kilimanjaro uko Tanzania, lakini kwa kuutazama wote kwa mara moja, kutoka kwenye nyanda hadi theluji ya mita 5,895, upande wa Kenya una bahati. Bahati hiyo haidumu. Kwa kawaida mlima huwa wazi jua linapochomoza, halafu mawingu huufunika asubuhi ikisonga, na pengine hufunguka tena jioni. Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo malizeni malipo jioni iliyotangulia. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hupokea malipo kwa njia ya kidijitali kupitia eCitizen, na kuhangaika na simu isiyo na mtandao langoni huku mlima unajifunika ni jambo la kusikitisha.

Mbuga ina kilomita za mraba 392, ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na kitu cha kufuata humo ni maji. Mvua na theluji ya Kilimanjaro huzama kwenye miamba ya volkano na kuibukia hapa chini kama chemchemi, zikajaza vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye. Ndovu wanaokaa humo wamefuatiliwa na watafiti, familia kwa familia, tangu 1972, kazi iliyoanzishwa na Cynthia Moss. Waambie watoto watafute jike mkubwa anayetangulia msafara. Wengine wote huenda anakokwenda yeye. Kilima cha kutazamia ni mojawapo ya mahali pachache mbugani mnaporuhusiwa kushuka garini, na ukiwa juu yake unaona jinsi kijani cha vinamasi kinavyokatika ghafla na vumbi kuanza. Maji ya mlima huo huo, kutoka chemchemi ya Noolturesh karibu na Loitokitok, husafirishwa kwa bomba refu hadi Kajiado na Kitengela. Watoto wa mjini wanaofungua mfereji bila kufikiri wanafaa kulijua hilo.

Kutoka Amboseli, lango la Meshanani ndilo linalokuelekeza Namanga. Barabara hiyo ni ya kutikisa mifupa, na gari dogo la chini litaumia. Ulizia hali yake langoni kabla ya kuondoka. Wanaotoka moja kwa moja Arusha watavukia kwenye kituo cha pamoja cha mpakani cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, ambapo mhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya hupatikana katika jengo moja. Wekeni karatasi za gari, bima na kadi za chanjo ya homa ya manjano kwenye bahasha moja mkononi, msizifukie chini ya mizigo.

Kutoka Namanga hadi Kajiado ni lami nzuri, na ubora huo ndio hatari yake. Gari linataka kukimbia, ilhali ng'ombe, mbuzi, punda wanaobeba maji na hata twiga huvuka bila kupiga honi. Matuta ya mjini Bissil humfumania dereva aliyezoea kasi. Msiendeshe usiku hapa. Mkiona kijana anavusha mifugo, simameni kabisa, zimeni injini ikibidi, na mpungieni mkono.

Jambo la adabu, kwa kuwa mko na watoto. Kwa Wamaasai, mtoto humsalimu mtu mzima kwa kuinamisha kichwa ili aguswe utosini. Mtoto wako akifanya hivyo mbele ya mzee au mama wa Kimaasai, utaona uso wa mwenyeji ukibadilika, na mazungumzo yatafunguka yenyewe. Watu wazima husalimiana kwa "Supa", na jibu ni "Ipa". Picha ni baada ya salamu na baada ya ruhusa, kamwe si kupitia dirisha la gari linalotembea. Shanga nunua kwa mama aliyezitunga mwenyewe, kando ya barabara au sokoni, na usimkandamize bei kwa saa nzima kwa ajili ya shilingi hamsini.

Mji wa Kajiado wenyewe hauna cha kuwashikilia kwa muda mrefu zaidi ya nyama, lakini nyama ni sababu tosha. Agizeni mbuzi kwa kilo, mchague wenyewe pale buchani: mbavu kwa wenye meno, paja kwa watoto. Kuchoma huchukua saa nzima au zaidi, basi msiagize mkiwa tayari na njaa kali. Ombeni supu kwanza. Wanaochoka na choma huitisha boilo, yaani nyama ya kuchemshwa, na wazee wengi watawaambia kuwa hiyo ndiyo nyama. Reli inayokatiza mji ni ile inayotoka Magadi kwenda Konza. Mkibahatika kuona mabehewa, mwambieni mtoto akumbuke, maana kesho mtafika yanakopakiwa.

Isinya ndipo madereva wengi hufanya kosa la kunyoosha kwenda Kitengela. Kateni kushoto. Barabara ya lami ya Isinya hadi Kiserian inawaepusha na msongamano wote, inapita katikati ya nyanda zilizo wazi, na mbele yenu vilima vya Ngong vinasimama na mitambo yao ya upepo. Laleni Kiserian au karibu na hapo. Mwenye nguvu na asubuhi moja ya ziada atembee mgongo wa Ngong. Kilele chake kinafika mita 2,460 na Huduma ya Misitu huwapa wageni askari wa kuwasindikiza. Wenye watoto wadogo wasijisumbue. Mandhari ya bonde mtayapata bila jasho pale Corner Baridi, ambapo barabara ya Magadi inaanza kuteremka, na mbele kidogo Olepolos, mahali maarufu pa nyama choma penye ukingo unaotazama Bonde la Ufa.

Siku ya pili ndiyo siku ya moyo wangu. Jazeni tangi Kiserian au Ongata Rongai, kwa kuwa huko chini vituo vya mafuta ni haba, na pakieni maji mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji. Mnateremka kutoka baridi ya sweta hadi joto la kuvua viatu, masikio yanaziba na kuzibuka, na ndani ya mwendo wa saa moja na ushei mko Olorgesailie.

Hapa niwaombe msiwe na pupa. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipaona mwaka 1919, na miaka ya 1940 Mary na Louis Leakey wakaanza kuchimba. Walichokikuta kilikuwa kingi mno kukibeba, basi vifaa vingi viliachwa vilipolala, na leo mgeni hupita juu yake kwenye daraja la mbao lililoinuliwa. Tazama chini: mashoka ya mkono kwa mamia, mawe ya volkano yaliyochongwa pande zote mbili, mapana upande mmoja na yenye ncha upande wa pili, mengi yakiwa na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Mengine ni mazito kiasi kwamba mtu hujiuliza ni mkono gani uliyashika. Ya kale zaidi yanakaribia umri wa miaka milioni moja na laki mbili. Makumbusho ya Taifa yana waelekezaji hapo, na maelezo yao yana thamani kuliko ubao wowote, kwa hiyo mfuateni mwelekezi polepole na waacheni watoto waulize maswali yote. Waonyesheni pia tabaka jeupe la udongo kandokando. Hilo lilikuwa sakafu ya ziwa, na wachongaji wa mawe haya waliishi ufukoni mwake. Kuna vibanda vya kulala na uwanja wa hema. Wanaopenda nyota kuliko godoro walale hapa usiku wa pili.

Magadi iko mbele zaidi, chini zaidi, kwenye mita mia sita hivi juu ya usawa wa bahari. Kampuni ya kuchimba magadi ilianza 1911, na tangu 2005 inamilikiwa na kundi la Tata la India. Mji wote ni wa kiwanda: mtajiandikisha kizuizini, mtaona nyumba za wafanyakazi, mabehewa, na marundo meupe. Ziwa lenyewe lina ukoko wa chumvichumvi, pengine mweupe, pengine wa waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda maji makali. Heroe huonekana pembezoni kwenye maji ya kina kifupi. Kusini mwa ziwa kuna chemchemi za moto, na katika maji hayo huishi samaki wadogo wa jamii ya ngege wanaostahimili zaidi ya nyuzi 40, joto ambalo lingemwua samaki wa kawaida. Mchukueni kijana wa pale awaongoze. Njia zinafanana, na mtu asiyezijua huishia kwenye tope. Kamwe msiendeshe gari juu ya ukoko wa ziwa, hata uonekane mgumu namna gani, wala msiwaache watoto wachezee maji ya chemchemi, kwani yanaunguza ngozi na macho. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, hata kama ni kuiacha Olorgesailie kwa ajili ya kurudi, mwondoke kabla ya saa sita. Baada ya hapo joto linawashinda watoto, na watu wazima wanaanza kugombana bila sababu.

Kabla ya kuondoka, mwonyesheni mtoto yale marundo meupe na mwulize yanaenda wapi. Sehemu kubwa huenda viwanda vya vioo. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi. Ukiuchanganya na magadi, kiwango hicho kinashuka sana, na hapo ndipo kioo kinapowezekana kwa gharama inayohimilika. Hii ndiyo sababu nimepanga Kitengela iwe ya mwisho.

Siku ya tatu, rudini Rongai na mkate kuingia barabara ya Maasai Lodge. Kwenye ukingo wa korongo la Mbagathi acheni gari, mvuke kwa miguu daraja jembamba linaloning'inia juu ya korongo. Linayumba. Mtoto mwoga ashikwe mkono, atangulie na mtu mzima mmoja, wala asichekwe. Ng'ambo ya pili mtakuta makazi ambayo msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kuyajenga mwishoni mwa miaka ya 1970: kuta za vipande vya rangi, sanamu, njia zilizotandikwa vigae vya kioo. Mwanawe Anselm ndiye aliyeanzisha karakana ya kupuliza vioo.

Simameni karibu na tanuri, lakini nyuma ya mstari mtakaoonyeshwa. Mpulizaji huchovya bomba refu la chuma, analitoa na donge linalong'aa rangi ya chungwa, analizungusha bila kukoma kwa sababu likitulia tu linadondoka, anapuliza kidogo, anarudisha motoni, anapuliza tena. Mwenzake anakuja na koleo. Kwa dakika chache donge lina shingo, kisha tumbo, kisha ni jagi. Malighafi yao ni vioo vilivyotupwa, chupa na madirisha, na vioo hivyo tayari vina magadi ndani yake. Hapa mwulizeni tena yule mtoto kuhusu marundo meupe. Ulizieni mapema ni siku gani tanuri linafanya kazi, kwa kuwa kufika kukuta limepoa ni kukosa nusu ya ziara. Mkinunua glasi, zifungwe kwenye magazeti na zisafiri miguuni pa abiria.

Ukisimama hapo, nyanda unazoziona ni ukingo wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande pekee usio na uzio. Wakati wa mvua wanyama hutoka na kutawanyika kwenye malisho ya Kitengela; kiangazi hurudi mbugani kufuata maji. Njia hizo zinazibwa mwaka hadi mwaka na nyua na mabati. Mji wa Kitengela, uliokuwa kituo kidogo cha Noonkopir, ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, na watu hao wana haki ya kujenga. Lakini kila ploti inayozungushiwa waya ni mlango unaofungwa mbele ya nyumbu, na mimi jambo hili linaniuma. Kuanzia 2000 baadhi ya wafugaji walilipwa kila mwaka kwa kila ekari waliyoiacha wazi. Na ni hapa ambapo Richard Turere, akiwa mvulana mchungaji, alitumia betri ya gari, balbu za tochi na kifaa cha indiketa ya pikipiki kuunda taa za kumwekamweka zinazowafukuza simba zizini. Mwaka 2013 aliieleza kazi hiyo kwenye jukwaa la TED huko California. Wasimulieni watoto habari zake mkiwa hapo hapo.

Miezi ya Machi hadi Mei, udongo mweusi wa nyanda hizi hunasa hata magari ya nguvu, kwa hiyo likizo ya Agosti ni salama zaidi kuliko ya Aprili. Ondokeni kabla ya saa tisa alasiri, kwani Rongai hujaa mapema. Wanaoelekea mashariki ya jiji wanaweza kupitia mji wa Kitengela na kupanda barabara ya juu ya kulipia pale Mlolongo, kilomita 27 hadi Westlands. Ikiwa ni Jumapili jioni, kaeni Kitengela mle chakula cha usiku kwanza, na mwendelee magari yakishapungua.