Taarifa za Afya Yako ni Amana: Zijue Haki Zako



Kila mgonjwa anayefika katika zahanati ya kijiji, Kituo cha Afya Ipinda, Hospitali ya Matema au Hospitali ya Wilaya ya Kyela huandikwa: jina, umri, makazi, maradhi, majibu ya vipimo na dawa alizopewa. Faili hubaki kituoni, lakini habari zilizomo zinamhusu mgonjwa, na kituo kimewekewa amana tu.

Amana hiyo ikivunjwa, hasara yake si aibu peke yake. Mtu anayeogopa kuonwa na jirani akichukua dawa huikimbia kliniki ya karibu, akatafuta huduma mbali, pengine hata ng'ambo ya mto Songwe, na kumbukumbu za matibabu yake zikakatika. Mwingine huacha dawa kabisa. Kwa hiyo usiri ni sehemu ya tiba.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa kawaida hazitumiwi bila idhini ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria inaporuhusu, kama vile tabibu anapozihitaji ili kumtibu.

Kuhusu Virusi vya UKIMWI, Sheria ya mwaka 2008 inaagiza kwamba majibu ya kipimo ni siri. Wanaoweza kupewa mbali na aliyepimwa wametajwa na sheria yenyewe, wakiwemo mzazi au mlezi wa mtoto, mwenzi, na mahakama. Mwajiri, mwenye nyumba, kiongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa au mnunuzi wa kakao hawamo. Aidha, anayejua kuwa ameambukizwa anawajibika kumweleza mwenzi wake.

Haki ya kujua na kusahihisha

Unayo haki ya kuuliza ni taarifa gani zako zimehifadhiwa na kwa madhumuni gani, na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Katika wilaya yetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa koo nyingi zina majina yanayoanza na "Mwa", na wawili wanaweza kufanana jina la kwanza na la ukoo. Faili zikichanganywa, mmoja anaweza kupewa dawa inayomdhuru. Hakikisha basi kwamba jina kamili, umri na kijiji chako vimeandikwa sawasawa kabla hujaondoka dirishani. Ukihamia kituo kingine, omba barua ya rufaa au ya uhamisho, na uitunze kadi yako.

Mipaka ya usiri

Usiri hauzuii kulinda jamii. Magonjwa ya mlipuko kama kipindupindu hutolewa taarifa kwa mamlaka za afya, ili chanzo kitafutwe na maji yatibiwe. Lakini kutoa taarifa kwa mamlaka si kumtangaza mgonjwa mwaloni au sokoni. Vivyo hivyo, kumpiga picha mgonjwa wodini na kuisambaza katika makundi ya WhatsApp bila ridhaa yake ni kumvunjia faragha, hata kama mpigaji picha ni ndugu aliyekuja kumjulia hali.

Ukiona haki yako imevunjwa

1. Mweleze mganga mfawidhi wa kituo, ikiwezekana kwa maandishi, ukitaja tarehe na tukio.
2. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa kamati ya usimamizi ya kituo au kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.
3. Unaweza pia kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa na sheria hiyo ya mwaka 2022.

Mwananchi naye ana wajibu. Mweleze tabibu ukweli wote, maana hawezi kutibu asichokijua. Usisome kadi ya mwenzako, wala usimuulize mtu uliyemkuta kwenye foleni amefuata nini. Siri ya jirani unayoitunza leo ndiyo itakayompa ujasiri wa kurudi kliniki mwezi ujao.